"Sili nguruwe" haitoshi: mlo wa halali Guangzhou

Mara mbili kwa mwaka, msimu wa Aprili na msimu wa Oktoba, Maonesho ya biashara ya Canton yanapofungua milango yake Pazhou, wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh, Mombasa, Kampala na Bujumbura humiminika Guangzhou, kusini mwa China. Orodha zao zimejaa vigae, vipuri, taa, vitambaa na mashine. Wengi ni Waislamu, na wengi hutua wakiwa na kinga moja tu ya mezani: sentensi ya "sili nyama ya nguruwe" waliyofundishwa kuitamka kwa Kichina, wo bu chi zhurou. Mhudumu anaitikia, sahani inaletwa, hakuna kipande hata kimoja cha nguruwe ndani yake, na mgeni anakula roho yake ikiwa imetulia. Utulivu huo mara nyingi hauna msingi, na sentensi hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi kuliko ulaji wa makusudi.

Mpishi hajadanganya. Kwake yeye zhurou ni nyama, yaani kile kipande unachokiona na kukitafuna. Mafuta ya nguruwe ni zhuyou, nayo ni mafuta. Supu iliyochemshwa kwa mifupa ya nguruwe ni supu. Ukimwagiza kongxincai, mboga ya majani ambayo ni ndugu wa matembele yetu, atatoa vipande vya nyama kama ulivyomwomba, kisha ataikaanga mboga hiyo kwa mafuta ya nguruwe kwa sababu ndiyo yanayoipa harufu anayoijua tangu utotoni. Ametimiza ulichosema, na wewe hukusema kila kitu.

Lipo pia neno rou, ambalo maana yake ni nyama. Kwa Kichina cha kawaida, nyama isiyotajwa jina ni nguruwe. Ng'ombe lazima atajwe, niurou. Kondoo na mbuzi wote ni yangrou, kuku ni ji. Orodha ya chakula ikiandika rou peke yake, usiulize ni ya nini. Na hao Waislamu wa China wenyewe, hasa wa kaskazini-magharibi, huepuka hata kulitaja jina la nguruwe. Wao husema darou, "nyama kubwa". Anayejua Kichina kidogo anaweza kulisikia neno hilo akadhani ni nyama ya ng'ombe.

Tuingie jikoni, maana ndiko mambo yanakoharibika. Karai jipya la chuma halianzi kazi mpaka "lifunguliwe". Linachomwa motoni mpaka libadilike rangi, kisha kwa desturi linasuguliwa kwa kipande cha shahamu ya nguruwe, tena na tena, mpaka chuma kinywe mafuta, kiwe cheusi na laini, chakula kisigande. Tabaka hilo hutunzwa kwa miaka. Ndiyo sababu mpishi haoshi karai kwa sabuni kati ya sahani na sahani: anamwaga maji ya moto, anasugua kwa ufagio mfupi wa mianzi, anayamwaga, na sekunde chache baadaye mafuta ya sahani nyingine yanachemka. Upawa wake ni mmoja. Kwa upawa huo anachota mafuta kwenye sufuria iliyo kando ya jiko, na kwenye sufuria hiyohiyo anarudisha mafuta aliyopitishia nyama ya mteja aliyetangulia. Mteja anayefuata akiwa ni wewe, na umeagiza mayai na nyanya tu, umekula kilichobaki cha mwenzako.

Kwetu sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao wengi tumelelewa kwenye madhehebu ya Shafii, hilo si jambo dogo. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu hayo, nguruwe ni najisi nzito kama mbwa, na chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Madhehebu mengine ni mepesi zaidi. Ipo hadithi sahihi ya sahaba aliyeuliza kuhusu vyombo vya jirani zake wasio Waislamu, akajibiwa kwamba akipata vingine asivitumie, asipopata avioshe kwanza ndipo ale humo. Kwa hiyo yeyote unayemfuata, kuosha kupo. Karai la mgahawa wa kawaida wa Guangzhou halioshwi kwa namna itakayoridhisha kauli yoyote kati ya hizo.

Swali la "hiki ni halali?" basi ni pana mno, na mpishi asiye Mwislamu hawezi kulijibu hata akitaka. Lazima livunjwe. Nyama imechinjwa na nani? Mafuta ni ya nini? Ndani kuna pombe? Chombo kilipikia nini kabla? Kila moja lina jibu la ukweli analoweza kulitoa mtu wa jikoni bila kujua hata neno moja la fiqhi.

La pombe ndilo linalosahaulika zaidi. Karibu kila jiko la Kichina lina chupa ya liaojiu, mvinyo wa kupikia unaotengenezwa kwa wali uliochachuliwa, wenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi, na mara nyingi umetiwa chumvi na viungo. Kazi yake ni kuondoa shombo. Samaki husuguliwa nao, kuku hulowekwa humo, nyama ya kondoo hunyunyiziwa juu ya moto mkali. Hoja inayosikika sana ni kwamba moto unaichoma yote. Si kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonesha kwamba kilevi kilichochanganywa kwenye chakula kinachochemka polepole hubaki asilimia 40 baada ya dakika 15, asilimia 25 baada ya saa nzima, na hata baada ya saa mbili na nusu bado asilimia 5 ipo. Sahani ya kukaanga kwenye karai inakaa motoni dakika tatu. Na kwa upande wa dini hoja hiyo haisaidii vilevile, kwa sababu suala halikuwa kiasi gani kimebaki bali kwamba khamri imetiwa kwenye chakula kwa kukusudia. Angalia pia furu, jibini ya soya iliyochachuliwa, ambayo hutumika kukaangia mbogamboga hasa Guangdong: mara nyingi huhifadhiwa kwenye maji yenye mvinyo. Mboga tupu, na bado ina pombe.

Kuhusu nyama kuna kosa la hoja ambalo watu wazima wenye elimu hulifanya, na linahitaji kusemwa waziwazi. Mtu aliyezoea kusafiri Ulaya huwa amejijengea msimamo: pale ambapo hapati nyama ya Waislamu, anakula kuku au ng'ombe kwa kutegemea ruhusa ya chakula cha Watu wa Kitabu iliyo kwenye aya ya 5 ya Suratul Maida. Wanazuoni wanatofautiana sana kuhusu machinjo ya viwanda vya Ulaya, na huo ni mjadala wa huko. Lakini ruhusa yenyewe ni ya Mayahudi na Wakristo. Walio wengi China si hao. Ni watu wasio na dini, au wa Kibudha, Kidao na mila za wazee. Anayebeba msimamo wake wa London akaufungua Guangzhou amebeba ruhusa isiyofika huko. Ng'ombe wa mgahawa wa kawaida wa China ni kibudu kwa hukumu, hata kama hakuna nguruwe jikoni kote. Vivyo hivyo kuku wa migahawa mikubwa ya kimataifa. Nembo ni ileile uliyoiona Dubai, ila Dubai kuku wake amechinjwa kwa njia ya halali kwa sababu sheria ya nchi inataka hivyo. Nembo haisafiri na machinjo.

Sasa suluhisho, maana Guangzhou halikosekani. Maandishi ya kutafuta ni 清真, husomwa "chingjen" na kuandikwa qingzhen kwa herufi za Kilatini. Tafsiri yake ya karibu ni "safi na kweli". Jifunze sura ya maandishi hayo kama unavyoijua sura ya noti. Usitegemee neno "halali" kwa Kiarabu wala picha ya msikiti, kwani mwaka 2019 maofisa wa Beijing waliagiza migahawa na maduka ya vyakula vya halali yaondoe maandishi ya Kiarabu na alama zinazohusishwa na Uislamu. Ukiwa na simu, fungua ramani ya Kichina ya Gaode, bandika herufi hizo mbili, na vitokee vidoto vyote vya karibu. Ramani ya Google haifanyi kazi huko bila programu ya kuzunguka kizuizi, na hata ikifunguka taarifa zake za migahawa ni chache na kuukuu. Programu za kuletewa chakula nazo hutafutika kwa herufi zilezile. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat kabla hujapanda ndege. Baadhi ya vibanda vidogo vya tambi havina chenji ya noti kubwa.

Hata hivyo kibao hicho kinajibu nini hasa? China haina sheria moja ya nchi nzima ya chakula cha halali. Mikoa na miji mingi ina kanuni zake, na zinasimamiwa kwa jicho la makabila kuliko jicho la fiqhi. Serikali inatambua makabila 10 ya Waislamu, yakiwemo Wahui, Wauighur, Wakazakh, Wasalar na Wadongxiang, na kanuni nyingi zinataka sehemu fulani ya wafanyakazi, hasa wanunuzi na wapishi, watoke katika makabila hayo. Kwa maneno mengine, kibao kinakwambia ni nani yuko jikoni na kwamba nyama imepitia njia ya Waislamu. Hilo ni jambo kubwa, linamaliza swali la nyama, la mafuta na la chombo kwa pamoja. Hakikwambii habari ya pombe. Vibanda vingi vya tambi vya watu wa kaskazini-magharibi vimebandika ukutani tangazo la kukataza kunywa pombe ndani, lakini zipo nyumba kubwa za qingzhen zinazouza bia, na yapo majiko yanayotia liaojiu kwenye sahani za nyama bila kuona tatizo. Kwa hiyo mbele ya kibao cha qingzhen swali lililobaki ni moja tu, na ndilo la kuuliza: mnatia pombe kwenye chakula?

Pasipo na pombe, acha upelelezi. Mama Aisha alisimulia kwamba watu walimuuliza Mtume kuhusu nyama iliyoletwa na watu wapya katika Uislamu, haijulikani kama ilisomewa jina la Mungu, naye akawaambia walisome wao na wale. Mwislamu wa Kihui aliyekupikia hastahili kuhojiwa kama mshukiwa kwa sababu tu haongei Kiarabu.

Kibanda kinachopatikana kila pembe ya mji ni cha tambi za kuvutwa kwa mkono, zinazojulikana kama Lanzhou lamian. Wengi wa wenye vibanda hivyo, licha ya jina, ni Wahui wa wilaya ya Hualong mkoani Qinghai. Bakuli ni la ng'ombe, na lenye kupikwa sawasawa hutambulika kwa rangi tano: supu iliyo safi kama maji, vipande vyeupe vya figili, mafuta mekundu ya pilipili, kijani cha giligilani na majani ya kitunguu saumu, na manjano ya tambi. Unga hukandwa na penghui, magadi yanayotokana na majivu ya mmea wa nyikani (siku hizi huja kama poda iliyotengenezwa kiwandani), na ndiyo yanayofanya unga uvutike usikatike. Mpishi atakuuliza upana. Xi ni nyembamba, jiuye ni bapa kama jani la kitunguu, kuan ni pana. Mtu mwenye njaa ya siku nzima ya kutembea kwenye maonesho achukue er xi, iliyo kati na kati, inashibisha na hailegei upesi kwenye supu. Tahadhari ni moja: jina la Lanzhou si miliki ya Waislamu, wako wasio Waislamu wanaolitumia. Tazama 清真, usitazame Lanzhou.

Mtaa wa uhakika zaidi ni Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, penye kituo cha metro cha jina hilohilo kwenye laini namba 5. Hapo kuna Wauighur, Wahui, Waarabu, Waturuki na Waafrika, na chakula mpaka usiku. Hapohapo kuna mtego wa aina yake: wali wa nazi, maharage, hata ugali, vinavyopikwa na watu wa kwetu. Lugha ya nyumbani na harufu ya nyumbani si machinjo. Mwenye jiko anaweza kuwa si Mwislamu, au ni Mwislamu anayenunua kuku sokoni kwa sababu ni rahisi zaidi. Muulize kwa heshima, "Samahani dada, kuku mnanunua duka gani?" Anayenunua kwa mchinjaji Mwislamu atakutajia duka bila kusita.

Siku ya Ijumaa nenda Msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China yanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi wanasema alizikwa Madina. Baada ya swala njia za nje hugeuka soko: mishikaki ya kondoo, mikate ya tanuri, tende, na wachinjaji wenye nyama mbichi. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa Guangta unaofikia takriban mita 36, uko katikati ya mji wa kale na nao una maduka ya qingzhen jirani yake.

Wenyeji hao ni Wahanafi, na hilo linaleta sintofahamu ndogo mezani. Kwao kaa, pweza na ngisi haviliwi, na wanabishana kuhusu kamba. Kwa Shafii pweza, ngisi na kamba wa baharini ni halali, ingawa kuhusu kaa wanazuoni wake nao wanatofautiana. Kwa hiyo usishangae mgahawa wa qingzhen kutokuwa na kaa katika mji unaopenda kaa kiasi kile, wala usimwambie Mhui kwamba amekosea.

Samaki ndiye mlango wa dharura pale unapokaa mbali, labda Foshan kwenye viwanda vya vigae au Zhongshan kwenye taa, na hakuna qingzhen karibu. Samaki hahitaji kuchinjwa, na upishi wa Kikantoni wa kumpika kwa mvuke unaepuka karai. Mambo matatu huuharibu. Husuguliwa liaojiu kabla ya kuingia kwenye mvuke. Mafuta ya moto yanayomiminwa juu yake mwishoni yanaweza kuwa ya nguruwe. Na trei za mvuke hupangwa ghorofa juu ya ghorofa, kwa hiyo maji ya trei ya maandazi ya nguruwe hudondokea sahani iliyo chini. Agiza hivi: samaki mzima kwenye sahani ya kauri, tangawizi na majani ya kitunguu, bila pombe, mafuta ya karanga (huashengyou, ambayo Guangdong yapo karibu kila jiko), trei ya juu kabisa au chombo chake peke yake. Samaki wa gramu 600 huiva kwa dakika 8 hadi 10 tangu maji yachemke. Mhudumu akisema "hakuna shida" kabla hajaenda jikoni kuuliza, jibu hilo halina thamani. Mwombe kwa upole aende.

Maneno ya kinywa hupotea njiani, kwa hiyo tembea na maandishi. Kadi hii inatosha kwa samaki na mboga, iweke kwenye simu na nyingine ya karatasi mfukoni:

我是穆斯林。我不吃猪肉、猪油、火腿和猪骨汤。菜里请不要放酒。请用植物油,用洗干净的锅。

Inasema kwamba wewe ni Mwislamu, huli nyama ya nguruwe, mafuta yake, nyama yake ya kukaushwa wala supu ya mifupa yake, chakula kisitiwe pombe, kipikwe kwa mafuta ya mimea, kwenye chombo kilichooshwa vizuri. Wachina wengi wanaelewa habari ya Waislamu kuliko tunavyodhani, kwa sababu wameishi na Wahui karne nyingi. Wengine wakisoma kadi watakwambia wazi kwamba jiko lao haliwezi. Huyo amekuheshimu, mshukuru uondoke.

Dim sum ya asubuhi, vile vitafunio vidogo vya kuliwa na chai ambavyo ni fahari ya Guangzhou, iache isipokuwa nyumba ni ya qingzhen. Hata kile kiandazi cheupe cha kamba kinachoonekana safi kabisa, hargow, kwa kawaida kina shahamu ya nguruwe ndani ya kamba wenyewe ili wawe laini, na mafuta yake kwenye unga. Vitobosha vya mayai na keki za mwezi za asili nazo mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta hayohayo. Uji wa wali mara nyingi huchemshwa kwa mifupa. Kifungua kinywa cha hoteli ya kawaida kinabakiza mayai ya kuchemsha yaliyo ndani ya ganda, matunda, na vile viazi vitamu, mahindi na magimbi ya mvuke ambavyo hoteli nyingi za China huweka. Yai la kukaanga hupita kwenye bamba lilelile la soseji, na koleo moja hushika vyote.

Chungu cha kuchemshia mezani, huoguo, kina udanganyifu wa kipekee. Mtu akiambiwa mchuzi ule mwekundu wa Chongqing umetengenezwa kwa niuyou, shahamu ya ng'ombe, anafarijika. Shahamu ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria ina hukumu ya nyama yake. Na kwa Kikantoni neno lilo hilo, kwa maandishi, hutumika pia kwa siagi, kwa hiyo ukilikuta kwenye biskuti usihukumu kwa neno hilo peke yake.

Kwenye vifurushi vya dukani, kanuni za China zinataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kingi. Huhitaji kusoma Kichina. Tafuta herufi 猪, nguruwe, na 酒, pombe. Mingjiao, 明胶, ni gelatini, ipo kwenye peremende laini na baadhi ya maziwa ya mgando, na isipoandikwa imetokana na nini iache. Tambi za paketi zenye picha ya ng'ombe zinaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwenye kile kifuko kidogo cha mafuta, basi soma orodha ya kila kifuko, siyo picha. Soya sosi iliyochachuka kwa asili yake wanazuoni wengi hawaisumbui.

Kuna mlo usioepukika: mwaliko wa mwenye kiwanda. Kwa desturi ya Kichina biashara inafungwa mezani, meza inazunguka, na baijiu, pombe kali ya nafaka, inamiminwa. Ukikataa ukiwa umeshaketi unamwaibisha mwenyeji mbele ya watu wake. Mwambie siku mbili kabla kwamba wewe ni Mwislamu, na mpendekezee jina la mgahawa wa qingzhen wenye vyumba vya faragha. Atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi ya kubahatisha. Wakati wa kunyanyua vikombe sema yi cha dai jiu, "chai badala ya pombe". Si kisingizio cha kigeni, ni msemo wa adabu wa Kichina wa tangu zamani, na anayeusema huku amesimama, kikombe ameshika kwa mikono miwili na ukingo wake chini kidogo ya kile cha mwenyeji, hakuna anayemlazimisha zaidi.

Nasema haya kwa sababu neno "dharura" limetumika vibaya mno kwenye safari hizi. Dharura ni hali ya anayeogopa kudhurika kwa kukosa chakula. Mji wenye misikiti, wachinjaji Waislamu na kibanda cha qingzhen umbali wa vituo vichache vya metro hauna dharura, una usumbufu. Na kwa upande wa pili, mtu anayeishi kwa biskuti na chipsi wiki mbili ili asikosee anajitesa bila sababu. Wote wawili wamekosa taarifa ileile. Mawakala wa Kariakoo na Eastleigh wanaopanga viza, hoteli na mizigo wanajua haya yote, na wangeweza kumkabidhi mteja kadi ya Kichina pamoja na pasipoti yake. Wachache sana wanafanya hivyo. Mteja wa mara ya kwanza anapaswa kuidai.

Anayekaa zaidi ya wiki achukue chumba chenye jiko dogo, au anunue jungu la umeme la lita moja na nusu. Umeme wa China ni volti 220, kwa hiyo litafanya kazi hata nyumbani, ila kichwa cha waya kitataka adapta. Nyama ainunue kwa mchinjaji wa qingzhen asubuhi. Hapo ndipo pesa hupotea: bei hutajwa kwa jin, na jin moja ni gramu 500, nusu kilo. Anayesikia bei na kudhani ni ya kilo hufurahia nyama ya rahisi, akafika nyumbani na nusu ya alichotarajia. Akitaka mbuzi aseme shanyang. Akisema yangrou tu atapewa kondoo.

Chakula cha Kiislamu cha ndegeni huagizwa kwa herufi MOML, kwa kawaida si chini ya saa 24 kabla ya kuruka, na kinaagizwa kwa kila kipande cha safari. Wengi huagiza cha kwenda, wakasahau cha kurudi, au hudhani agizo la shirika la kwanza litafuata tiketi mpaka shirika la pili. Ukibadilisha tarehe ya kurudi kwa sababu kontena limechelewa, agizo linaweza kufutika pamoja na tarehe ya zamani. Lifungue upya siku hiyohiyo unayobadilisha tiketi.